Bastola ya Kubeba: Anza na Triga

Mtu akishapata cheti cha kumiliki silaha, swali lake la kwanza kwangu huwa ni hili: "Afande, ninunue gani?" Mimi humwomba kwanza anipe mkono wake. Natazama urefu wa kidole cha shahada, unene wa kiganja, na kama viungo vya vidole vimeanza kuvimba. Kisha namuuliza siku nyingi anavaa nini, anaendesha gari au anapanda matatu, na nyumbani kwake kuna watoto wa umri gani. Jina la bastola linakuja baadaye sana.

Nilitunza ghala la silaha kwa miaka 22 kabla ya kustaafu. Nilizipokea, nikazisafisha, nikazibadilisha springi, nikazikabidhi kwa sahihi asubuhi na kuzihesabu tena jioni. Sasa nafundisha raia wenye vyeti, wengi wao wafanyabiashara wanaobeba pesa za mauzo, na wakulima wa mashamba makubwa. Bastola zilizoletwa mbele yangu baada ya kumjeruhi mwenyewe, karibu zote zilikuwa nzima kabisa. Kuna kitu kiliivuta triga, nazo zikafanya kazi yake. Ndiyo maana mafunzo yangu yote huanza na kile kipande kidogo cha chuma au plastiki, chenye upana wa kucha.

Usiku wa ndoo ya mchanga

Nitaeleza lililonipata, kwa sababu ndilo ninalolirudia kila ninapomfundisha mtu mpya.

Mwaka 1997 nilikuwa kituo kimoja cha mashambani. Saa tano za usiku, umeme umekatika, nasafisha bastola kwa taa ya chemni. Miaka yote kabla ya hapo nilikuwa nimezoea Browning, ile Hi-Power ya mwaka 1935 iliyotoka kiwanda cha FN huko Ubelgiji. Browning ile ina kifaa fulani ndani yake: ukichomoa magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini, triga inakatika mawasiliano na nyundo, kipande cha nyuma kinachogonga ili risasi iwake. Ivute utakavyo, haifyatui. Juu ya kifaa hicho nilikuwa nimejenga tabia mbaya bila kujijua. Nilikuwa navuta slaidi kwanza, ile sehemu ya juu ya bastola inayoteleza nyuma, risasi inaruka nje, ndipo nachomoa magazini. Lakini ukivuta slaidi magazini ikiwa bado ndani, risasi moja inatoka na nyingine inapanda papo hapo kushika nafasi yake kwenye chemba, tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa tayari kupigwa. Browning ilinisitiri kosa hilo kwa miaka.

Usiku huo mkononi nilikuwa na Ceska, CZ 75 ya zamani. Nikavuta slaidi, risasi ikaangukia mezani ikabingirika hadi kwenye kopo la mafuta. Nikaiona kwa macho yangu, nikaamini chemba ni tupu. Nikachomoa magazini, nikaelekeza mtutu kwenye ndoo ya mchanga, nikavuta triga ili nyundo ishuke.

Mlio ulijaa chumba kizima. Chemni ikazimika, mchanga ukanirukia usoni na kwenye miwani, na masikio yakalia hadi siku ya pili. Hakuna aliyeguswa, kwa kuwa mtutu ulikuwa unatazama mchanga na si ukuta wa upande wa pili, ambako askari wawili walikuwa wamelala. Nilipowasha kiberiti niliona ile risasi ya kwanza bado imelala kando ya kopo, inang'aa. Niliandika ripoti usiku uleule, na tangu siku hiyo sijawahi kuipa bastola nafasi ya kunisahaulisha mpangilio.

Mpangilio wenyewe ni huu. Elekeza mtutu mahali ambapo risasi ikitoka haitamdhuru mtu: ndoo au pipa la mchanga, siyo sakafu ya saruji inayorudisha risasi, wala ukuta wa matofali membamba. Kidole kiwe kimenyooka juu ya fremu, yaani mwili wa bastola chini ya slaidi, mbali na triga. Chomoa magazini, iweke kando au mfukoni. Baada ya hapo tu, vuta slaidi hadi mwisho na uifungie nyuma. Tazama chemba, kisha ingiza ncha ya kidole kidogo cha mwisho uiguse. Gizani kidole hicho ndicho jicho lako. Tazama pia pale magazini ilipokuwa, uone mwanga ukipita. Geuka kando, hesabu hadi tatu, halafu rudia kutazama na kugusa. Kutazama huko kwa mara ya pili watu wengi hukuona kama kupoteza muda, nami nakuthamini kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa macho yenye haraka huona kile yalichotarajia kuona.

Ukishajua mpangilio huo, sheria nne zinazofundishwa dunia nzima, ambazo Jeff Cooper, luteni kanali wa Marine wa Marekani, ndiye aliyezipanga na kuzieneza, zitakuingia kirahisi. Kila bastola ichukulie kuwa ina risasi. Usimwelekezee mtutu usiyekusudia kumpiga. Kidole kisiguse triga mpaka macho yamekaa kwenye shabaha na umeamua. Jua unachokilenga na kilicho nyuma yake. Nimeziandika kwa haraka, lakini utaona zinasaidiana: usiku ule niliivunja ya kwanza, na ya pili ndiyo iliyowaokoa wenzangu.

Triga zinavyotofautiana

Ukiingia dukani utakutana na aina mbili kuu, na tofauti yake inafaa uijue vidoleni, zaidi ya kuijua kichwani.

Ya kwanza ni bastola ya nyundo, kama Ceska. CZ 75 ilitoka mwaka 1975 huko Uherský Brod, katika nchi iliyokuwa Czechoslovakia, na walioibuni ni ndugu wawili, Josef na František Koucký. Nyundo ikiwa imelala, mvuto wa kwanza wa triga ni mrefu na mzito, wa kilo nne au tano hivi, kwa sababu kidole kinafanya kazi mbili: kuinua nyundo na kuiachia. Risasi ikishatoka, slaidi inaikoki nyundo yenyewe, na mvuto wa pili unakuwa mfupi na mwepesi, kama nusu ya ule wa kwanza au pungufu. Kwa hiyo umebeba triga mbili ndani ya bastola moja. Wanafunzi wangu wengi risasi yao ya kwanza inakwenda chini kushoto na ya pili inatoka kabla hawajajiandaa. Dawa yake ni mazoezi, na mazoezi hayo lazima yaanze kila mara na mvuto mrefu.

Ceska ina jambo jingine linaloumiza watu. Mifano mingi ina seifti, yaani kizuizi cha usalama, ya kidole gumba, lakini haina kifaa cha kushusha nyundo. Ukiwa na risasi kwenye chemba na nyundo imesimama, ukitaka kuilaza lazima uishushe kwa mkono, yaani unavuta triga ya bastola yenye risasi huku ukizuia nyundo kwa gumba lenye jasho. Nikilazimika kufanya hivyo, mtutu unatazama pipa la mchanga, naweka gumba la mkono wa kushoto katikati ya nyundo na slaidi kama kabari, nashika nyundo kwa gumba la kulia, navuta triga, na mara tu nyundo inapoachia naondoa kidole kwenye triga kabisa kabla ya kuishusha taratibu. Kwenye CZ 75 B kuondoa kidole kunarudisha kizuizi cha pini, kile kijiti cha chuma kinachogonga kitako cha risasi, hivyo nyundo hata ikiponyoka haitafika kwenye risasi. Ile ya zamani isiyo na herufi B haina kizuizi hicho. Kama unanunua Ceska ya kubeba, mimi nakusihi utafute CZ 75 BD, au P-07 iliyofungwa kifaa cha kushusha nyundo. Unabonyeza kitufe, nyundo inashuka salama, na kidole chako hakijaikaribia triga.

Aina ya pili haina nyundo ya nje. Ndani yake mna pini inayosukumwa na springi. Glock ndiyo iliyoifanya aina hii ijulikane kila mahali, tangu jeshi la Austria lilipoichagua Glock 17 mwaka 1982. Triga yake ina uzito mmoja kuanzia risasi ya kwanza hadi ya mwisho, karibu kilo 2.5. Hakuna seifti ya gumba. Katikati ya triga pana kijiulimi, na kisipobonyezwa triga haiendi nyuma. Ndani kuna kizuizi cha pini na kinga nyingine ya kuanguka, na zote tatu zinafunguka zenyewe triga inapovutwa.

Hapa watu hujidanganya. Wanasema, "Glock ni salama, ina seifti tatu." Ni kweli, ikianguka sakafuni imelindwa. Kijiulimi kile kinazuia triga isirudi nyuma kwa nguvu ya mshtuko. Lakini chochote kinachobonyeza katikati ya triga kinafungua seifti zote tatu kwa pamoja: kidole cha mtoto, pindo la shati, kishikizo cha kamba ya jaketi, kalamu ndani ya mkoba. Glock pia inataka uvute triga kabla ya kuifungua kwa usafi. Ukiruka ule mpangilio nilioueleza, unaweza kujipiga ukiwa umeketi mezani na kitambaa cha mafuta mkononi.

Kinga dhidi ya kuanguka nayo si jambo la kudhani tu. Mwaka 2017, baada ya majaribio kuonyesha kwamba P320 ikianguka kwa pembe fulani inaweza kufyatuka, SIG Sauer ilitangaza mpango wa kuzibadilisha vipuri, na kimojawapo kilikuwa triga nyepesi zaidi, kwa maana ya uzito wa kipande chenyewe, siyo wa mvuto. Kipande cha triga kikiwa kizito hubeba mwendo wake inapogonga chini na kujivuta yenyewe. Ukinunua bastola iliyokwishatumika, ya aina yoyote ile, uliza imetengenezwa mwaka gani na kama marekebisho ya kiwanda yamefanyika.

Kuchagua: mkono, nguo na nyumba

Rudi kwenye mkono. Bastola ikiwa imehakikiwa kuwa tupu, mtutu ukiwa mahali salama, ishike ili mtutu uwe mstari mmoja na mfupa wa mkono wako wa mbele. Bila kuhamisha kiganja, ile sehemu nene ya ncha ya kidole cha shahada ifike katikati ya triga. Ikiwa inakubidi uzungushe mpini ili kidole kifike, bastola hiyo ni kubwa kwako. Hapa mvuto mrefu wa Ceska huwashinda wengi wenye mikono midogo, kwa sababu triga huanza mbali mbele. Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi alinijia na Ceska ya marehemu mumewe, aliyoruhusiwa kisheria kuimiliki. Alikuwa anaivuta kwa vidole viwili, na mtutu unayumba kama mkia wa ng'ombe. Tulimjaribisha tatu, akatulia kwenye moja ya pini yenye mpini mwembamba, na katika wiki tatu risasi zake zilikuwa zinakaa ndani ya sahani ya chai kwa mita saba.

Nguvu za kuvuta slaidi ni jambo jingine, nalo muuzaji hakukumbushi. Simama, shika slaidi kwa kiganja kizima kutoka juu badala ya kuibana kwa vidole viwili, sukuma fremu mbele huku ukivuta slaidi nyuma. Ukishindwa mara tatu mfululizo, achana na bastola hiyo. Siku ya shida haitakuwa nyepesi.

Uzito nao una pande mbili. CZ 75 B ya chuma ina kilo moja ikiwa tupu, na Glock 19 iliyojazwa risasi zake 15 ina gramu 850 hivi. Kilo moja mkononi hupunguza mrusho, unapiga kwa raha. Kilo moja kiunoni kutwa nzima, kwenye kiti cha gari na juani, utaichoka na kuanza kuiacha ndani ya gari. Bastola ndogo sana nayo inajificha vizuri lakini inarusha mkono, na mwenye nayo huacha kufanya mazoezi kwa sababu inamuumiza. Mtu akiniuliza ya kuanzia, namwelekeza kwenye ukubwa wa kati, milimita tisa, aina ambayo risasi zake zinapatikana na fundi wa karibu anaijua.

Ala ndiyo nusu ya bastola. Nina uhakika na neno hilo. Ala ya kubebea lazima ifunike triga yote pande zote mbili, iwe ngumu kiasi kwamba ukiibonyeza kwa gumba usiihisi triga, na mdomo wake ubaki wazi unapotoa bastola. Ala ya ngozi iliyozeeka mdomo wake hulegea na kujikunja ndani, na ule mkunjo unaingia kwenye uwazi wa triga wakati unairudisha. Nimeikata kwa kisu ala ya namna hiyo mbele ya mwenyewe ili asiwe na la kurudia. Kurudisha bastola kwenye ala ndio wakati wa hatari, na hakuna anayekukimbiza wakati huo. Inua shati kwa mkono wa kushoto juu kabisa, tazama ndani ya ala, weka kidole juu ya fremu, ingiza polepole. Ikikwama, usisukume. Itoe, tazama kilichoizuia. Kwenye bastola ya nyundo, weka gumba juu ya nyundo unapoirudisha. Kitu kikivuta triga utaihisi nyundo ikiinuka chini ya gumba.

Kwa wanaobeba kwenye mkoba wa mkononi: bastola iwe na mfuko wake peke yake, ndani ya ala ngumu, hakuna funguo, kalamu wala rangi ya mdomo humo. Na mkoba huo hauwekwi chini ya meza ya hoteli wala kwenye kiti cha nyuma ambako mjukuu amekaa.

"Nisugulie iwe laini"

Kijana mmoja alinifuata uwanja wa shabaha na Glock mpya. "Afande, nisugulie triga iwe laini, kama za mashindano." Nilikataa, na nitakueleza nilichomweleza.

Ndani ya bastola, kinachoizuia nyundo au pini isiende mbele ni nyuso mbili za chuma zinazokumbatiana kwa sehemu ndogo kuliko unene wa ukucha. Chuma hicho kimekomazwa, na mara nyingi ukomavu huo uko kwenye ngozi ya juu tu. Ukisugua kwa jiwe na kubadilisha pembe hata kidogo, siku ya kwanza utasikia raha. Baada ya risasi mia kadhaa ngozi ile inaisha, na siku moja slaidi inarudi mbele na nyundo inaifuata, risasi ya pili inatoka bila kidole. Ukiweka springi laini, upande mmoja triga inakuwa nyepesi, upande mwingine pini inakosa nguvu ya kuwasha risasi yenye kiwashio kigumu kitakoni. Umeharibu kazi yake mbili kwa mara moja. Bastola ya mashindano inatoka kwenye ala, inapigwa, inarudi tupu mbele ya msimamizi. Ya kubeba inakaa nawe sokoni, msibani na kwenye foleni ya gari, na moyo wako ukidunda kwa hofu vidole hupoteza ile hisia ya taratibu. Uzito wa kiwanda umewekwa kwa ajili ya saa hiyo.

Ukitaka kujua triga yako inavuta kiasi gani, mizani ya springi ya kupimia samaki inatosha. Bastola tupu, imehakikiwa mara mbili, ndoano katikati ya triga, vuta taratibu sambamba na mtutu, soma namba inapoachia. Fanya mara tano. Namba zikipishana sana, au zikiwa zimeshuka tangu mwaka jana, mpelekee fundi mwenye leseni kabla ya kuibeba tena.

Mabadiliko ninayokubali ni machache: alama za kulengea zinazoonekana gizani, kipande cha nyuma cha mpini kinacholingana na mkono, magazini mpya za kiwanda, na springi mpya za uzito uleule zinapochoka. Vipuri usiagize kwa intaneti kama unavyoagiza vya simu. Kenya, Sheria ya Silaha, Sura 114, inakihesabu hata kipande cha silaha kuwa silaha, kwa hiyo uliza Bodi ya Leseni za Silaha kabla ya kulipa.

Mazoezi ya nyumbani

Risasi ni ghali na uwanja uko mbali, kwa hiyo kidole kinafunzwa zaidi nyumbani kwa bastola tupu. Risasi zote na magazini zilizojaa zibaki chumba kingine, mlango umefungwa. Fuata mpangilio hadi mwisho, gusa chemba mara mbili. Chagua ukuta wa mawe au kabati lililojaa vitabu, usichague ukuta unaopakana na chumba cha watu. Weka sarafu ya shilingi tano juu ya slaidi karibu na alama ya mbele, lenga doa dogo, na vuta triga polepole mpaka ifyatuke bila sarafu kuanguka. Kwa bastola ya nyundo, laza nyundo kila mara, ufanye mvuto mrefu. Dakika kumi zinatosha. Ukichoka, akili inaanza kuruka hatua.

Ukimaliza, sema kwa sauti, "Nimemaliza." Hatari ni ile "moja tu ya mwisho" baada ya risasi kurudi ndani. Ukishasema neno hilo, bastola inaingia kwenye sefu iliyofungwa ukutani kwa boliti, ufunguo unakaa mwilini mwako, na hutaigusa tena mpaka asubuhi unapovaa.